Majibu ya Mama Namba Ishirini na Saba

Zahanati, Jumanne tarehe 3 Machi

Wifi yangu Hadubini,

Kaa chini kwanza ndipo usome. Kimefika! Kile kisanduku mlichotuahidi tangu mwaka juzi kimeletwa leo asubuhi, kimefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Fundi aliyekuja nacho ameshinda juu ya bati letu akifunga mlingoti wa kunasia mtandao, nasi chini tumeshinda tukimwangalia kana kwamba hatuna kazi.

Chenyewe ni kidogo, hakizidi mkate. Fundi alikiweka mezani kwangu, akatangazia watu waliojaa mlangoni: "Maabara wakiandika majibu kule, hiki kinayatoa hapa kwa karatasi. Dakika tatu, nne."

Mama mmoja akauliza, "Bila pikipiki?"

"Bila pikipiki."

Unamjua Mwewe wetu, dereva anayekuletea sanduku la sampuli kila Jumanne na Ijumaa. Alinuna pale pale! Ikabidi fundi ambembeleze: damu bado itapanda pikipiki, ni majibu tu yatakayopaa. Hapo ndipo akakubali kunywa chai.

Kisha fundi akauliza, "Hapa kuna wifi?" Mlinzi wetu akamjibu kwa heshima zote, "Wifi yake yupo mjini, kwenye maabara ya hospitali kuu. Ila kuja huku ni nadra." Nilicheka hadi nikashika meza.

Barua zetu hazitakoma lakini. Simu ya huku unaijua, ukisema "habari" inakatika kabla ya "nzuri". Fundi anasema sauti ni mzigo mpana, ujumbe mfupi hupenya hata kwenye tundu la sindano. Basi kisanduku kipenye kivyake, sisi tuendelee kupenyeza karatasi chini ya chupa za damu.

Ijumaa utapata akina mama wanane. Namba ishirini na saba mtazame vizuri. Ameshapoteza mimba mbili, moja ya miezi mitano, nyingine ya miezi saba. Hii ya sasa ina wiki kumi na nane.

Mwambie Mama mkwe kwamba mwisho wa mwezi sitaweza kuja kwenu. Kazi zimenizonga.

Mke wa kaka yako

*

Maabara, Jumanne tarehe 10 Machi

Wifi,

Miaka kumi na moja nashika damu za watu bila wasiwasi, leo nimefuta kitufe kwa kitambaa mara tatu kabla ya kukibonyeza. Msimamizi wetu, yule ambaye tangu mwanzo amekuwa akisema mashine hizi ni mapambo, alisimama nyuma yangu amefunga mikono kifuani. Nikaandika majibu ya mama namba ishirini na saba, nikabonyeza, tukangoja. Haikupita dakika tano, kioo kikaandika: YAMEPOKELEWA. Msimamizi akakohoa, akasema, "Tuma na mengine." Kwake huo ni wimbo wa sifa.

Sasa sikia, maana hili si la kucheka. Mama huyo damu yake ni kundi B hasi. Wewe unajua maana yake, lakini yeye mweleze hivi: damu yako ni hasi, na kama ya mtoto ni chanya, damu zikikutana mwili wako humwona mtoto kama mgeni aliyevunja mlango. Mara ya kwanza unashtuka tu. Mara nyingine unampiga. Bahati aliyo nayo ni kubwa mno: nimeipima mara mbili, na hakuna dalili kwamba mwili wake umeanza kupigana. Mlango bado tunaweza kuuwahi. Achomwe sindano ya kuuzuia mwili usianze vita hivyo, wiki ya ishirini na nane, na akijifungua tupime damu ya mtoto mara moja. Ikiwa chanya, achomwe nyingine kabla ya siku tatu kwisha.

Nashindwa kuelewa kitu kimoja. Mimba mbili zimeharibika, na hakuna aliyemwambia kundi lake? Nani alikuwa akimhudumia?

Mama kanuna. Anasema humpendi tena. Nimemwambia ni kazi, akasema, "Kazi haina miguu, haiwezi kumzuia mtu njiani."

Hadubini

*

Zahanati, Ijumaa tarehe 13 Machi

Wifi,

Nilikuwa nafunga kidonda cha mzee mmoja nikasikia kisanduku kinakwaruza kama panya kwenye gunia. Nikamwacha mzee na bandeji inaning'inia, nikakimbia. Karatasi ilikuwa inatoka polepole, nyembamba, ina joto. Namba ishirini na saba. Nikaisoma mstari kwa mstari kadiri ilivyotoka. Mzee akaita, "Muuguzi, kuna nini, vita vimetangazwa?"

Majibu yamemfikia mwenyewe, mkononi. Aliyasoma amesimama, halafu akakaa.

Unauliza nani alikuwa akimhudumia. Nitakujibu kwa haki. Mimba ya kwanza damu ilitumwa, karatasi ya majibu ikapotea, haikuonekana hadi leo. Ya pili majibu yalifika baada ya wiki saba. Yalipofika hapakuwa tena na mimba, na yeye hakutaka kuyafungua. Aliyasukuma ndani ya kabati, akafunga. Hakuna aliyezembea, Wifi. Kila mtu alitimiza kazi yake, karatasi tu ndiyo ilikuwa na miguu mifupi.

Amesema asante. Amesema nikwambie hivyo.

Mke wa kaka yako

*

Maabara, Jumanne tarehe 14 Aprili

Muuguzi wa zahanati,

Ona nimeanza vipi barua, ujue nimekasirika.

Nimekutumia ujumbe mara tatu kwenye kisanduku, NAMBA 27 AFIKE HOSPITALI KUJIANDIKISHA, na mara tatu kimeniambia YAMEPOKELEWA. Zahanati zote nyingine kumi na mbili zimeshanijibu kuhusu wagonjwa wao. Yako iko kimya. Stoo ya dawa hawatoi sindano ile kwa namba. Zinakuja chache, kila moja ina jina la mtu kabla haijatoka kwenye jokofu. Nataka jina. Wiki ya ishirini na nane ni mwezi ujao!

Nimekuuliza kwa barua, ukanijibu habari za mvua. Nimekuuliza tena, ukaniambia "yuko salama, usijali". Nisijali? Mwanamke ameshazika wawili, dawa ipo, mashine imefanya kazi ndani ya dakika tano, halafu muuguzi ndiye anayekalia majibu? Au amehama umeona aibu kusema? Au mume wake amekataa? Niambie nije mwenyewe nizungumze naye.

Wifi, nakupenda, lakini damu ya mtu si mambo ya ukoo. Nimeshaandika barua kwa mganga mkuu wa wilaya kwamba zahanati yako haifuatilii wagonjwa. Iko hapa mezani, bado sijaituma. Nakupa mpaka sanduku la Ijumaa ya wiki ijayo.

Mtaalamu wa Maabara

*

Zahanati, Ijumaa tarehe 24 Aprili

Dada,

Leo sikuiti wifi. Nakuita kama anavyokuita mume wangu.

Usitume ile barua. Au itume ukitaka, maana uliyoandika ni kweli. Mama namba ishirini na saba ni mimi.

Nilijitoa damu mwenyewe, nikijifunga mpira kwa meno, nikajiandikia fomu. Wanasema mganga hajigangi, nami nilitaka kuwaonyesha kwamba nimeweza, na nikajificha nyuma ya namba. Mbele yako ningekuwa mke wa kaka yako, yule ambaye mlimwombea mara mbili na kumlilia mara mbili. Mbele ya mashine nilikuwa mgonjwa tu. Usishangae, lakini nilipumua.

Unakumbuka mara ya pili? Mama alikuwa ameshaanza kushona. Nilirudi kutoka hospitali nikakuta nguo ndogo ya njano kitandani, imekunjwa. Hakuna aliyeniambia neno baya, na hilo ndilo lililonichoma. Nikaapa kwamba kama itatokea tena, sitamwambia mtu hadi mtoto alie.

Kaka yako anajua. Nilimwapisha. Kila akitaka kukuandikia namnyang'anya kalamu.

Niliposoma maneno yako kuhusu mlango, "mlango bado tunaweza kuuwahi", nilijifungia kwenye chumba cha chanjo nikalia hadi taulo likalowa. Miaka minne nilidhani nina laana. Kilichowaondoa wale wawili bado sikijui, lakini hatari ya huyu ina jina na ina sindano: ni herufi moja, Dada, B, na neno moja, hasi.

Andika jina langu kwenye jokofu.

Mke wa kaka yako, wiki ya ishirini na tano na siku tatu

*

Maabara, Jumanne tarehe 28 Aprili

Wifi, wifi, wifi!

Kwanza nimeichana ile barua vipande vipande, nikavitia kwenye ndoo ya taka hatari visije vikaambukiza mtu. Pili nimelia juu ya benchi la kazi. Msimamizi akaja mbio, "Umevunja nini?" Nikasema, "Sijavunja kitu, nimepata." Akaondoka akitikisa kichwa.

Tatu, nitakupiga. Si sasa. Baadaye, ukishapona.

Mimi mnaniita Hadubini kwa kuwa eti hakuna kinachonipita, na kumbe nimeshika damu ya wifi yangu mkononi, nikaitikisa, nikaiangalia kwenye mwanga, nisiitambue! Na yule kaka yangu, mtu ambaye utotoni hakuweza kuficha hata embe shavuni, ameficha mimba ya miezi sita!

Jina lako liko kwenye jokofu. Nimeliandika mwenyewe, herufi kubwa, na nikaomba walisome mbele yangu. Njoo Jumanne tarehe 12 Mei. Mwewe akuendeshe taratibu. Mwambie siku hiyo hana haki ya kuitwa Mwewe, awe kobe.

Mama sijamwambia. Siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa, hata kama mgonjwa amenikosesha usingizi wiki mbili.

Shangazi mtarajiwa

*

Zahanati, Ijumaa tarehe 15 Mei

Shangazi mtarajiwa,

Nimefika salama. Mkono uliochomwa sindano hauumi tena, ila masikio bado yanavuma kwa jinsi ulivyopiga kelele kwenye ukumbi wa hospitali. Watu walidhani nimekufa.

Na Mama! Mimi nimejipanga njia nzima nitamwambiaje, naingia mlangoni, ananiangalia, anasema, "Lete huo mfuko, usibebe." Nikampa mfuko. Akasema, "Nimejua tangu ile Januari ulipojikwaa ngazini kwangu. Mtu akijikwaa hushika ukuta. Wewe ulishika tumbo." Miezi yote hiyo anajua! Kununa kwake kote kulikuwa kunanipa nafasi ya kusema. Nikauliza, "Mbona hukusema, Mama?" Akanijibu, "Ungeniona nakimbilia kushona." Alinimenyea chungwa, tukala.

Umepanga nije kukaa kwenu wiki tatu kabla ya kujifungua. Nimekubali. Kaka yako ameomba ruhusa kazini, lakini kwa sasa barabara yetu inachimbwa kuwekwa makalvati na bila yeye kile kijiko kikubwa cha kuchimbia hakina dereva.

Mke wa kaka yako

*

Maabara, Jumanne tarehe 7 Julai, saa tano kasoro asubuhi

Wifi!

Naandika nimesimama. Karatasi hii inapanda pikipiki pamoja na sindano.

Nilifungua sanduku saa nne nikijua ni sampuli za kawaida, nikakuta chupa imeandikwa DAMU YA KITOVU, na namba yako chini yake. Wiki nne kabla ya siku! Mwewe ananiambia, "Ni binti, jana alasiri, wote wazima," nikamkumbatia na kofia yake ya chuma, tukagongana, nina nundu.

Mtoto ni B chanya. Nimetuma kwenye kisanduku mara mbili, na kote kimejibu YAMEPOKELEWA, kwa hiyo unajua kabla hujanisoma. Msimamizi mwenyewe amekwenda stoo na fomu. Amekimbia, Wifi! Sijawahi kumwona akikimbia. Ameifunga sindano katikati ya barafu kwa mikono yake na kuandika juu ya sanduku saa uliyojifungua.

Mna hadi Alhamisi alasiri, lakini nataka leo. Mwewe arudi kuwa mwewe.

Shangazi (si mtarajiwa tena!)

*

Zahanati, Ijumaa tarehe 10 Julai

Shangazi mtu,

Sasa nina mikono miwili huru kwa dakika chache. Nikueleze yote.

Jumatatu mchana nilikuwa napima watoto uzito, uchungu ukanishika nikiwa nimebeba mtoto wa mwenzangu. Hapakuwa na wakati wa kushuka mjini. Mama mhudumu wetu, unamjua, yule ambaye hufagia na kuchemsha vyombo, akanilaza kwenye kitanda ninacholazia wengine. Nikawa mzazi na mkunga kwa pamoja. Namwambia, "Shika hapa. Usivute. Sasa niambie nisukume." Naye ananiambia, "Sukuma, Muuguzi!" nami najijibu, "Vizuri, Mama!" Binti akatoka saa tisa na robo. Kilo mbili na nusu. Alilia kabla hata hatujamgusa.

Jumanne alfajiri Mwewe akashuka na damu ya kitovu. Saa tano kasoro robo nilisikia kisanduku kikikwaruza nikiwa nimelala. Mama mhudumu akaniletea karatasi kwa mikono miwili. Chanya. Nikaanza kuhesabu saa.

Sasa Mwewe. Alipopita alfajiri barabara ilikuwa nzima. Alipogeuka na sindano, wafanyakazi wa barabara walikuwa wameshafika na kuikata kwa mtaro kutoka ukingo hadi ukingo, kina cha mtu na nusu. Huku bonde, huku mwamba. Akasimama anapiga honi kama mwendawazimu. Ng'ambo ya pili, ndani ya kijiko, nani? Kaka yako. Hajui kitu, wiki hiyo analala kambini kwao barabarani. Simu haishiki, na mimi sikuwa na mtu wa kumtuma.

Akamwita kwa dharau, "Wewe, zunguka! Huoni kazi?"

Mwewe akainua sanduku juu ya kichwa. "Zunguka wewe! Hii ni ya mke wako! Umezaa binti jana!"

Wenzake wanasema mashine ilinyamaza. Wanasema mtu mzima alishuka, akapanda tena, akashuka tena, hajui miguu yake inakwenda wapi. Kisha akarudi kwenye kiti, akanyoosha ule mkono wa chuma juu ya mtaro na kuutua taratibu kabisa mbele ya pikipiki, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Wanaume wanne upande ule wakaingiza pikipiki ndani ya kijiko. Mwewe akaingia, amekumbatia sanduku. Akavushwa hewani! Anasema alifumba macho, na katika miaka yote ya kuitwa Mwewe hiyo ndiyo siku ya kwanza kuruka.

Walifika hapa saa nane na nusu, wawili juu ya pikipiki moja, kaka yako ana tope hadi kwenye nyusi. Saa ishirini na nne zilikuwa hazijatimia. Mama mhudumu hana ruhusa ya kuchoma, basi nilijichoma mwenyewe pajani, kaka yako akiwa ameshika karatasi ya majibu anaisoma kwa sauti kana kwamba anasoma hukumu. "B chanya. B chanya. Hii ni ya binti yangu?" Nikamwambia, "Ni yake." Akaikunja, akaitia mfukoni, hataki kuirudisha kwenye faili. Nitakuomba nakala.

Mke wa kaka yako, na mwingine mdogo

*

Maabara, Jumanne tarehe 14 Julai

Wifi,

Nakala iko ndani ya bahasha. Nimesoma barua yako hapa kazini kwa sauti, nikarudia pale pa kijiko mara tatu kwa ombi la umma. Msimamizi amepachika ramani ukutani na kutia pini nyekundu kwenye zahanati ambazo hazijapata kisanduku. Ziko tisa. Kila asubuhi anaziangalia kwa hasira kama mtu anayeangalia meno mabovu. Ameandika barua wizarani. Si ile ya kulalamikia wauguzi, usiogope.

Mama anakuja kwa gari la Ijumaa. Amebeba cherehani nzima.

Shangazi

*

Zahanati, Ijumaa tarehe 28 Agosti

Wifi yangu,

Binti ana wiki saba na amejifunza kucheka. Mama amemshonea nguo kumi na moja, zote kubwa, "atazijaza". Amehamishia cherehani barazani kwangu na haoneshi dalili ya kuondoka. Simfukuzi.

Nimo kwenye likizo ya uzazi, muuguzi wa zamu yupo, lakini nyumba yangu iko hatua thelathini kutoka zahanati na wewe unanijua. Nimetoa madaftari ya zamani kabatini nikaanza kutafuta akina mama waliopoteza mimba zaidi ya moja na damu zao hazikujibiwa, au zilijibiwa wakiwa wameshakata tamaa. Nimewapata kumi na wanne. Nawatembelea, binti mgongoni. Wengine wamehama. Mmoja alinifungia mlango, na sikumlaumu, maana hata mimi nilifunga kabati.

Leo alfajiri alikuja wa tano. Ni msuka vikapu anayekaa ng'ambo ya kilima. Amepoteza watatu. Sasa ana mimba ya miezi mitano ambayo hakumwambia mtu. Alijifunika kanga hadi puani. Tulimtoa damu kabla Mwewe hajaondoka, nikamwambia asubiri. Alisubiri hadi adhuhuri, akikodolea kisanduku kama mtu anayeangalia nyoka, kisha akainuka kimya kimya akaenda zake. Hajawahi kuona majibu yakimfuata mtu siku hiyo hiyo.

Nilikuwa namnyonyesha binti mle zahanati niliposikia mkwaruzo. Uliandika wewe, najua, maana ulitia alama mbili za mshangao mahali ambapo kanuni hazitaki: HASI. DAMU HAIJAANZA KUPIGANA!! AFIKE KUJIANDIKISHA.

Nikakimbia, Wifi. Binti mgongoni, kandambili moja nimeiacha mlangoni, Mama ananipigia kelele kutoka kwenye cherehani kwamba nimezaa juzi tu. Nikamfikia kwenye njia ya kupandia kilima. Alishtuka, akadhani amesahau kitu.

"Majibu yako," nikamwambia.

"Ya nani?"

"Yako wewe. Ya leo."

Aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, kama kitu kilichotoka jikoni sasa hivi. Akaigeuza. Hajui kusoma. Nikamsomea, nikamweleza kuhusu damu na mlango na sindano, na kwamba hakulaaniwa na mtu. Akaketi pale pale kwenye majani. Akamwangalia binti yangu mgongoni muda mrefu.

Kisha akafunua uso, akanirudishia karatasi, akasema, "Nisomee tena."

Nikaketi kando yake, nikamsomea tena.

Mke wa kaka yako